Nyumba Aliyoahidiwa Halima



Jioni ya leo nataka tumzungumzie mpishi mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka 1871, kwa hesabu ya siku aliyoishika Henry Morton Stanley mwenyewe, msafara wake uliingia Ujiji bendera zikipepea na bunduki zikilia. Mkutano wake na Daktari Livingstone tunaujua sote. Watoto wanafundishwa shuleni, na mgeni akishuka Kigoma hupelekwa kwenye jumba la kumbukumbu akapige picha, ingawa mwembe wenyewe wa siku ile haupo tena. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, Stanley aliandika habari nyingine ambayo hatuisimulii. Karibu na baraza walipokaa wale wazungu wawili palikuwa na jiko, na jikoni alikuwamo mwanamke aitwaye Halima. Halima alikuwa akitoa kichwa nje mara kwa mara, apate kuhakikisha kwamba kweli wazungu ni wawili, maana yeye alizoea mmoja. Furaha ilimjaa, na wasiwasi pia. Bwana wake, Livingstone, alikuwa amerudi kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wiki chache nyuma akiwa amekonda, mali aliyoiacha akiba Ujiji imeshauzwa na aliyekabidhiwa, na chakula kikiletwa hakimshuki.

Halima huyo tunakutana naye tena mwaka 1872 huko Unyanyembe, Tabora. Safari hii anayeandika ni Livingstone, katika shajara yake. Halima amegombana na mwanamke mwenzake wa msafarani, Ntaoeka, akaondoka kwa hasira. Livingstone akatuma ujumbe atafutwe, lakini Halima alirudi kwa miguu yake. Akasimama nje. Alichotaka ni kuambiwa tu na mkubwa wa nyumba: ingia. Akaambiwa, akaingia. Hapo Livingstone akamsifu kwenye karatasi: mwangalifu, mwenye akili, haibi wala hamruhusu mumewe aibe. Akaandika kwamba wakifika Unguja atamweka huru, na atamnunulia nyumba na bustani.

Hebu tulipime jambo hilo, ndugu zangu. Mtu anayeahidiwa kuwekwa huru, maana yake hajawa huru. Na anayeahidi ni yule yule ambaye dunia nzima inamkumbuka kama adui wa biashara ya watumwa, na alikuwa adui wake kweli. Miezi michache kabla ya kurudi Ujiji aliona kwa macho yake mauaji ya soko la Nyangwe, Julai 1871, na maandishi yake juu ya siku ile yaliwatikisa watu Uingereza. Mtu huyo, jikoni kwake, alikuwa na mpishi aliyempata kutoka kwa mfanyabiashara wa misafara. Simlaumu marehemu. Ninachotaka mkione ni mwanamke aliyesimama mlangoni kati ya mambo hayo mawili, akisubiri nyumba yake Unguja.

Nyumba ile hakuahidiwa na mtu mwenye siku nyingi. Livingstone alikufa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, akina Abdullah Susi na James Chuma, wakauzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili, wakaubeba miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Halima alikuwa miongoni mwao. Mwili ukaenda Westminster, London, ukazikwa Aprili mwaka ule. Shajara ilikuwa imekwisha na mwenye shajara, na pamoja nayo yakaisha macho yaliyokuwa yakimwona Halima.

Sasa hapa ndipo inapoingia sanaa ninayotaka kuitetea leo, riwaya ya kihistoria.

Mwaka 2019 Petina Gappah, mwandishi na mwanasheria kutoka Zimbabwe, alitoa riwaya iitwayo Out of Darkness, Shining Light. Ni hadithi ya ile safari ya kubeba mwili. Wasimulizi wake ni wawili: Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisionari, na mpishi Halima. Ile ahadi ya mistari michache ya shajara, nyumba na bustani, Gappah ameikuta pale, akaifanya kuwa hamu ya mtu mzima. Halima wake ana mdomo, ana utani, ana mume anayemuudhi, anajua siri za kila hema, na kila hatua anayoipiga nyuma ya jeneza lile la magome ya mti anaipiga akiifikiria nyumba yake mwenyewe. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuandika hivyo. Yeye akifika mahali karatasi ilipokatika, lazima asimame. Mwandishi wa riwaya anavuka, kwa sharti moja gumu: avuke akiwa amebeba kila kilichokuwamo upande wa huku.

Sharti hilo ndilo linalopima kama kazi ni sanaa au ni porojo. Nitoe mfano wa hapa hapa. Ukienda leo kwenye jumba la kumbukumbu pale Ujiji, utaona kuna mwendo hadi ufike majini. Mwandishi mvivu atamtembeza Halima mwendo huo huo na ndoo kichwani. Atakosea. Wakati wa Livingstone ziwa lilikuwa juu na lilikuwa bado linapanda. Mnamo mwaka 1878 maji yalifika kilele, yakafungua njia kwa nguvu kupitia mto Lukuga upande wa Kongo, na kabla karne haijaisha ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Ufuko ukawaacha watu wa Ujiji mbali. Na ninyi mnaokaa karibu na maji mmeona wenyewe miaka hii lilivyorudi kupanda, Kibirizi na Katonga mnajua. Mwandishi anayelijua hilo atasikia mawimbi akiwa jikoni kwa Halima. Asiyelijua atabaki na ramani ya leo.

Na jikoni kwenyewe? Mawese yapo, samaki yupo, chumvi ya Uvinza ipo, ilikuwa ikisafirishwa mbali sana kutoka kule kwenye chemchemi. Sokoni mtu hakwenda na noti. Alikwenda na vitambaa, au na ushanga ulioitwa sofi, uliotumika Ujiji kama fedha. Mwandishi akijua namna ushanga ule ulivyohesabiwa mkononi mwa muuza samaki, hatahitaji kurasa tatu za kutueleza kwamba tuko karne ya 19. Msomaji atakuwa ameshafika.

Iko pia njia mbaya ya kuandika, na mtu wa kwanza kutuonyesha ni Stanley huyo huyo. Alipokuwa Tabora mwaka 1871 alipewa mtoto wa kiume na mfanyabiashara mmoja Mwarabu. Mtoto jina lake lilikuwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda, akamwita Kalulu. Akamleta hadi Ujiji, akampeleka Uingereza na Marekani, akamvalisha suti na kumpiga picha, akamtia shule London. Mwaka 1873 akachapisha riwaya ya vijana iitwayo My Kalulu, na mle ndani mtoto yule akageuka mwana wa mfalme katika visa vya misitu na vita. Riwaya ilikuwa madukani huku mtoto mwenyewe yuko hai, ana hamu zake, na hakuna aliyemuuliza. Mwaka 1877 Kalulu alizama kwenye maporomoko ya mto Kongo katika safari nyingine ya bwana wake. Maporomoko yakapewa jina lake, jina lile la kupewa. Nikiisoma habari hii naumia, sifichi. Stanley alikuwa na binadamu mzima mbele yake, akachukua sura yake tu akaiuza.

Basi tukiwaweka Kalulu wa Stanley na Halima wa Gappah pamoja, tunaona kwamba kutunga si kosa. Wote wawili wametungwa. Tofauti iko kwenye shauku inayoongoza kitabu. Katika kitabu kimoja ni shauku ya mwandishi kuona vituko, katika kingine ni shauku ya mtu aliyesahauliwa kupata mlango wake.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameipita njia hii pia. Riwaya yake ya Paradise, ya mwaka 1994, sasa tunayo kwa Kiswahili. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Mtafuteni Yusuf mle ndani. Ni mtoto aliyewekwa rehani na baba yake kwa sababu ya deni, akachukuliwa na tajiri Aziz, na baadaye akapelekwa bara na msafara hadi kuvuka ziwa. Nyumbani kwa Aziz kuna bustani nzuri iliyozungushiwa ukuta, na Yusuf anaipenda kuliko kitu chochote. Yumo pia mzee mtunza bustani aliyewahi kupewa uhuru akaukataa, akauliza aliyempa aliutoa wapi. Nimesikia wasomaji wakilalamikia mwisho wa kitabu, Yusuf anapokimbia kuufuata msafara wa askari wa Kijerumani. Wanasema, mwanzo mpya gani huo? Mimi naona Gurnah amekuwa mkweli. Mwaka ule, kwa kijana yule, milango iliyokuwa wazi ilikuwa miwili mitatu tu, na yote mibaya. Vijana wengi wa nchi hii waliingia uaskari kwa mlango huo huo. Riwaya ya kihistoria haina haki ya kumpa mtu wa zamani uhuru ambao zamani haikuwa nao.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonileta hapa leo.

Ujiji, na Buzebazeba pamoja nayo, ni mji wa watu waliofika. Waha wapo na nchi ni yao tangu asili. Lakini ukipita barazani utawakuta Wamanyema, Wabwari, Wagoma, Wabembe, watu ambao mizizi yao iko ng'ambo, Kasongo, Kabambare, Ubwari. Wako waliovuka kwa biashara, na waliovuka wakifuata ndugu au mume. Na wako waliovushwa. Kuna swali ambalo mtu mwenye adabu hapa kwetu haulizi: bibi yako alikujaje huku? Tunalikwepa kwenye harusi, tunalikwepa msibani. Nalielewa kabisa. Mtu aliyeanza maisha upya ana haki ya kuufunga mlango alikotoka, na wajukuu wake wana haki ya kuheshimu ukimya wake.

Lakini si mambo ya kale hayo. Wajerumani walitangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru. Walitoa pia karatasi za uhuru, makumi ya maelfu katika koloni lote. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hesabu mwenyewe: mtoto wa kike aliyezaliwa utumwani mwaka 1900 aliweza kuishi akaona Uhuru wa 1961, akambeba mgongoni mjukuu ambaye leo ananisikiliza akiwa na mvi. Na ukimya nao unakula. Baada ya kizazi kimoja unaficha aibu, ambayo kwa haki ni aibu ya waliouza. Baada ya vizazi vitatu umeshawafuta na walionusurika, pamoja na ushujaa wao.

Riwaya ndiyo inayoweza kuingia katika chumba hicho bila kumvunjia mtu heshima. Ikimtaja mwanamke wa kubuni, wa mtaa wa kubuni, aliyevushwa ziwa usiku akiwa na miaka saba, hakuna jirani atakayenyooshewa kidole, na kila familia yenye siri itasoma na kuelewa. Mzee anaweza kuisikiliza ikisomwa, akanyamaza, halafu kesho yake akasema maneno mawili ambayo hakuwahi kuyasema. Historia ya chuo kikuu inahitaji jina, tarehe na ushahidi, na ni vizuri ihitaji. Lakini haiwezi kumuuliza bibi swali lile bila kumuumiza.

Na fikirini hamu zilizomo humo! Huko pwani wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki, kile kitambaa cheusi cha kazi, na merikani isiyo na rangi, wakavaa kanga. Hebu mwandishi aandike siku hiyo moja tu. Mwanamke ana pesa yake ya kwanza, ameipata kwa kuuza mawese au samaki. Dukani kuna doti za rangi. Anaogopa kuzigusa. Muuzaji anamwambia ashike. Hakuna vita, hakuna mzungu wala bendera, na bado mwanzo mpya wote umo humo.

Meli ya Liemba nayo inadai mwandishi wake. Waandishi wa mbali wameshakuja. Mwingereza C. S. Forester aliandika The African Queen mwaka 1935, ikatengenezewa filamu maarufu mwaka 1951, na humo vita vya ziwa letu vimekuwa jukwaa la mapenzi ya wageni. Alex Capus, mwandishi wa Uswisi, alitoa riwaya mwaka 2007 kwa Kijerumani, Eine Frage der Zeit, kuhusu mafundi watatu wa Papenburg walioletwa Kigoma kuunganisha meli hiyo. Ni kazi nzuri. Inajua kazi ya ribiti na nyundo, na inajua hamu ya mtu aliye mbali na kwao. Meli ililetwa vipande vipande katika makasha yapatayo 5,000, reli ikiwa ndiyo kwanza imefika Kigoma mwaka 1914. Ikaelea mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi wakiwa wameipaka mitambo grisi nzito, kwa tumaini kwamba siku moja itaibuliwa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza safari kama Liemba. Na mwezi wa Mei 2015 meli hiyo hiyo ilikuwa ikipakia wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, mama na watoto na magodoro, ikiwaleta Kigoma.

Capus ametuandikia mafundi wa Papenburg. Waliobeba makasha 5,000 hawakutoka Papenburg. Walikuwa na majina, walikuwa na wake, na jioni walikula ugali wa muhogo wakibishana kama chuma kitaelea. Kitabu chao nakisubiri kutoka kwa mtu aliyekulia kwenye mtaa ambao honi ya Liemba ilisikika ikiingia.

Najua mtasema, nani atachapisha? Swali ni zito. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akiwa mzee akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981. Ni dhuluma aliyotendewa, na sitaki kijana wa Kigoma asubiri miaka 35. Siku hizi sura moja inaweza kusomwa redioni, au ikasambazwa kwa simu usiku huo huo. Mkoa huu umeshatoa waimbaji waliosimama pamoja wakaimba Leka Dutigite, nchi nzima ikacheza. Hamu ya kusema tunayo.

Lugha ya kuandikia mnayo pia, na msiionee haya. Acheni wahusika wenu waseme Kiswahili cha Ujiji, chenye Kiha ndani yake na Kimanyema ndani yake. Msiwavalishe Kiswahili cha taarifa ya habari. Na ukimaliza sura ya kwanza, usiipeleke kwanza kwa mwalimu wala kwa mchapishaji. Kaa jamvini jioni na mkubwa kuliko wote nyumbani kwenu, umsomee taratibu. Usimuulize kitu. Soma tu. Akikukatiza akasema, hapana mjukuu wangu, samaki wale hawakupikwa hivyo, wala hatukufunga nguo hivyo, chukua kalamu uandike anavyosema.